Kwa nini kampuni za kuchimba mafuta baharini zinafunga rigi nzima badala ya kushusha bei?

#1 DiraMbovu
Habari wakuu. Chukueni ripoti ya rigi (mitambo ya kuchimbia) ya kampuni yoyote kubwa ya kuchimba baharini, zile zinazotoka kila robo mwaka. Kuna jina la rigi, mwaka iliyoundwa, kina cha maji inachomudu, mteja, bei kwa siku, mkataba unaisha lini. Halafu chini kabisa kuna kafungu ka rigi zilizoandikwa tu kwamba zimefungwa. Hazina mteja wala bei, zimetia nanga mahali zinapigwa jua.
Meli ya kuchimba iliyogharimu zaidi ya dola milioni 600 inakaaje bure miaka mitano, wakati mwenye nayo angeshusha bei nusu akapata chochote? Mwenye lori akikosa mzigo wa bei nzuri hubeba wa bei mbaya, maisha yanaendelea. Hawa wenzetu wana nini?

#2 HesabuKali
Mfano wa lori ndio unaokupoteza mkuu. Mwenye gunia akipewa bei nusu atasafirisha. Mwenye kitalu cha mafuta hachimbi kisima eti kwa sababu rigi imeshuka bei.
Bei ya rigi ni kama nusu tu ya kinachomtoka kwa siku. Kuna boti za kuleta vifaa, helikopta, tope la kuchimbia, mabomba ya kuzuia kuta za kisima, saruji, watu wa vipimo, na dizeli, ambayo kwa kawaida inamwangukia mteja. Mpunguzie 100,000 kwenye rigi, kisima bado kinamla. Na uamuzi wa kuchimba ulipita kwenye bodi mwaka mmoja au miwili nyuma kwa kuangalia bei ya mafuta ya miaka ijayo. Visima vya mwaka huu viko vile vile, rigi ziwe rahisi au ghali. Ukishusha bei huzalishi kazi mpya, unamnyang'anya jirani ya kwake. Naye atashusha. Mwisho wa siku wote mnafanya kazi ile ile kwa hela kidogo.
Hizo ripoti za robo mwaka ndizo zinazofanya kila mtu ajue mwenzake kasaini kwa ngapi. Ukisaini kwa bei ya kutupa leo, mteja wa kesho anaingia kwenye kikao na karatasi yako mkononi.

#3 SamakiBaharia
Nimevuta kiti. Shusheni nondo.

#4 FundiHaidroli
HesabuKali kasema kweli lakini kaangalia upande wa soko tu. Kuna kufunga na kufunga. Rigi inaweza kufungwa kwa uvuguvugu au kwa baridi, na hizo ni dunia mbili.
Ya uvuguvugu ina watu 30 hadi 50 ndani. Jenereta moja au mbili zinawaka, trasta (panka za kusukumia meli) zinazungushwa kwa ratiba, BOP (kizuia mlipuko) iko sitahani na inajaribiwa, vyeti vyote viko hai. Mteja akipiga simu, ndani ya wiki kadhaa inaondoka.
Ya baridi umeme wa meli umezimwa. Vyumba vya mashine na vya makabati ya umeme vimefungwa na kuwekewa vikausha hewa, unyevu ubaki chini ya asilimia 50. Mashine zimejazwa mafuta ya kuhifadhi, kamba za chuma zimepakwa grisi, na waliobaki ni walinzi na mafundi wachache wa kusoma vipimo vya unyevu. Bei yake kwa siku ni ndogo sana. Shida iko siku ya kuiamsha:
- Kapasita kwenye vibadili umeme vya mota zikikaa zaidi ya mwaka bila umeme hazitaki kuwashiwa umeme kamili ghafla. Unapandisha volti polepole kwa saa kadhaa, kabati kwa kabati. Ukilazimisha zinapasuka.
- Beringi za mashine isiyozunguka zinajichimba mashimo madogo pale gololi zilipolala, kwa sababu ya mtetemo wa mawimbi na wa mashine za jirani. Dawa ni kugeuza shafti robo mzunguko kila baada ya muda. Asipokuwepo wa kugeuza, umeisha.
- Sili za trasta zinakauka, maji ya chumvi yanaingia kwenye mafuta ya gia. Trasta moja ina uzito wa makumi ya tani na iko chini ya tumbo la meli.
- Mpira wote wa BOP unazeeka ukiwa umekaa. Unabadilishwa wote, hakuna kubahatisha.
- Kompyuta za kiti cha mchimbaji: aliyezitengeneza keshaacha kutoa vipuri.
Kwa hiyo DiraMbovu, ile meli unayoiona imetulia bado si meli ya kukodisha kwa bei nusu. Ni mradi wa mwaka mzima chelezoni ambao haujaanza.

#5 DiraMbovu
Uvuguvugu na baridi, kama chai. Asante mkuu. Sasa kama kuiamsha ni kazi hivyo, si bora zote zibaki za uvuguvugu?

#6 HesabuKali
Tuweke makadirio ya mkononi kwa meli ya kuchimba. Uvuguvugu 45,000 kwa siku, baridi 12,000. Tofauti 33,000, sawa na milioni 12 kwa mwaka. Kuiamsha ya baridi tuseme milioni 100, ya uvuguvugu milioni 25. Tofauti 75. Gawanya kwa 12: miaka sita na ushee. Kwa hesabu hiyo, kama unaamini soko litarudi ndani ya miaka sita, kuifunga baridi ni hasara.

#7 ChelezoNambaMbili
Hesabu yako ina tundu. Umesahau ukaguzi mkubwa wa kila miaka mitano wa taasisi za uainishaji meli. Ndani ya hiyo miaka sita, rigi ya uvuguvugu lazima ipitie ukaguzi huo ili vyeti vyake vibaki hai, na BOP nayo ina ukaguzi wake wa kufunguliwa kila kipande kwa mzunguko huo huo wa miaka mitano. Hapo umetumia mamilioni kadhaa kwa rigi isiyo na mteja. Ya baridi unaacha vyeti vife, unavihuisha siku ya kuiamsha. Mstari wako wa miaka sita unashuka.

#8 MezaYaBenki
Nyote mnahesabu kama vile fedha ipo. Mwaka 2015 na 2016 fedha haikuwapo. Rigi zilijengwa kwa mikopo wakati bei ya meli ya kuchimba ilikuwa inavuka 600,000 kwa siku, halafu mafuta yakaanguka nusu ya pili ya 2014, meli zile zile zikawa zinatafuta kazi chini ya 200,000. Mwenye deni hachagui kinachomfaa baada ya miaka sita, anachagua kinachompunguzia matumizi mwezi huu. Na hata hivyo hawakupona. Seadrill iliingia kwenye ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai 2017, ikarudi tena 2021. Mwaka 2020 peke yake: Diamond Offshore Aprili, Noble Julai, Valaris Agosti. Transocean ndiyo kubwa iliyopita kipindi kile bila kugonga mlango wa mahakama.

#9 Nanga_Nane
Na hapo ndipo jibu la pili la mtoa mada lilipo. Kampuni hizo ziliungana, nyingine kabla ya mahakama, nyingine baada yake, zikaunganisha na orodha za rigi. Ensco na Rowan waliungana 2019 wakawa Valaris. Noble ilimeza Pacific Drilling 2021, ikaungana na Maersk Drilling 2022, ikanunua Diamond 2024. Ukishikilia rigi nyingi, ukaifunga moja, zile zinazofanya kazi zote zinapata bei nzuri zaidi. Mwenye rigi mbili hawezi mchezo huo.

#10 HesabuKali
Ndio hoja yangu ya #2, umeivalisha suti tu.

#11 Nanga_Nane
Si hiyo. Wewe umesema kushusha bei hakusaidii. Mimi nasema kufunga kunalipa. Soma tena taratibu.

#12 ChelezoNambaMbili
Mkigombana niruhusuni nitaje jambo ambalo ripoti haziandiki: rigi iliyofungwa ni ghala la vipuri. Rigi inayofanya kazi ikiungua mota ya kifaa cha juu cha kuzungushia bomba, kiwandani utasubiri miezi, lakini dada yake aliyefungwa ana mota ile ile. Wanaichukua. Kesho ni kabati la udhibiti wa BOP, keshokutwa pampu ya tope. Baada ya miaka minne ile meli ina ngozi tu. Kwenye orodha bado inahesabiwa rigi nzima, ila mtu akiuliza gharama ya kuiamsha, jibu linashangaza. Ukiona rigi za ramani moja, tano au sita kwa kampuni moja, na mojawapo imefungwa muda mrefu, jua ndiyo inayochangia viungo.

#13 SamakiBaharia
Kumbe inachunwa ikiwa hai!

#14 DiraMbovu
Basi wapeleke hizo meli kwenye maji ya kina kifupi. Huko kazi si zipo nyingi? Meli ya kuchimba kwenye maji ya mita 3,000 itashindwaje mita 80?

#15 Sukani
Hapo umechanganya madesa mkuu. Meli inayojishikilia kwa trasta inapata shida zaidi kwenye maji mafupi.
Meli haikutia nanga. Kompyuta inasoma setilaiti na vipaza sauti vilivyo chini ya bahari, inaziamuru trasta, sita kwa kawaida, zisukume ili meli ibaki juu ya kisima. Kutoka meli hadi BOP, iliyokaa juu ya kisima chini ya bahari, kuna bomba la raiza. Kinachohesabika ni pembe ya raiza, kwa hiyo mipaka ya kuhama inapimwa kwa asilimia ya kina. Kwenye mita 2,400, asilimia 5 ni mita 120. Mota zikizima, una dakika kadhaa kabla ya kufika huko. Kwenye mita 300, asilimia 5 ni mita 15. Upepo mzuri na mkondo utakufikisha hapo kabla hujamaliza kutukana.
Ukigusa duara jekundu (mpaka wa mwisho wa kuhama) unabonyeza kitufe cha dharura: bomba linakatwa, kisima kinafungwa, sehemu ya juu ya BOP inaachia na kuondoka na raiza. Mfululizo wote unachukua kama sekunde 30 hadi 60 kutegemea ulivyopangwa. Kwa hiyo muda wa kuelea lazima uwe mrefu kuliko muda wa kuachia. Kwenye mita 80 hesabu hiyo haipo kabisa.

#16 Mguu_wa_Tatu
Na huko kwenye mita 80 kuna wenyewe: jakapu. Zile zenye miguu mitatu ya chuma, mwili unapanda juu ya maji kwa gia na meno. Kubwa kabisa zinafika kama mita 150, nyingi zimeishia 90 hadi 120. Bei kwa siku ni ndogo, gharama yake nayo ndogo, hakuna trasta za kulisha dizeli wala raiza ndefu. Mteja hawezi kuchukua meli mahali ambapo jakapu inatosha.

#17 BintiTope
Miguu mitatu ikisimama kwenye matope laini haizami?

#18 Mguu_wa_Tatu
Inazama dada, na ndivyo inavyotakiwa, mpaka ipate ardhi ya kubeba. Mwisho wa kila mguu kuna kiatu kipana. Kwenye mchanga kinaingia mita moja au mbili, kwenye udongo laini mita 30 na zaidi ni kawaida.
Kazi inaendaje: boti zinaivuta hadi eneo, miguu inashushwa, mwili unanyanyuliwa kidogo tu juu ya maji, kama mita moja na nusu. Halafu unapampu maji ya bahari kwenye matanki ya mwili, maelfu ya tani, ili kila mguu ubebe leo uzito ambao dhoruba mbaya kabisa itaubebesha. Unashikilia uzito huo saa kadhaa bila mguu kushuka hata kidogo, kisha unamwaga maji na kupanda hadi kimo cha kazi. Zile za miguu minne hazihitaji maji, unahamishia uzito kwenye miguu miwili ya kona kwa kona, kisha mingine miwili.
Kinachoua ni tabaka gumu jembamba juu ya udongo laini. Kiatu kinakaa vizuri, kinabeba, kinabeba, halafu tabaka linatoboka na mguu unaporomoka mita kadhaa kwa sekunde chache. Mwili unainama, miguu mingine miwili inapinda kwenye meno. Ndio maana unapakia ukiwa chini karibu na maji: mguu ukitoboa, mwili unaangukia maji na kuelea. Mwenye haraka anayepakia akiwa mita 10 juu, anatafuta taabu.
Na ukirudi kwenye kisima cha zamani kuna mashimo ya viatu vya jakapu iliyopita. Kiatu kipya kikikanyaga ukingo wa shimo la zamani kinateleza kuelekea ndani yake. Bila ramani ya mashimo hayo, usishushe mguu.

#19 BintiTope
Shukrani. Sasa naelewa kwa nini wanachimba udongo wa sampuli kabla rigi haijafika.

#20 Mzee_wa_Balasti
Mmeruka semi. Katikati ya jakapu na meli kuna rigi ya maboya mawili makubwa chini ya maji, nguzo juu yake, sitaha juu ya nguzo. Ukisafiri unaelea juu ya maboya. Ukifika unajaza balasti, maboya yanazama chini ya mawimbi na zinazobaki kukata maji ni nguzo tu, ndiyo maana haipandi na kushuka kama meli. Bahari ya Kaskazini semi ni nyingi.
Lakini balasti si mchezo. Ocean Ranger ilizama usiku wa kuamkia 15 Februari 1982 mashariki mwa Newfoundland, wote 84 walikufa. Wimbi lilivunja dirisha la chumba cha kuongozea balasti, maji ya chumvi yakaingia kwenye paneli, vali zikaanza kufanya zinavyotaka, na waliokuwamo hawakufundishwa vya kutosha kuziendesha kwa mkono. Miaka miwili nyuma, 27 Machi 1980, Alexander L. Kielland ilipinduka upande wa Norway, watu 123. Hiyo ilikuwa semi iliyogeuzwa bweni la wafanyakazi. Ufa ulianzia kwenye weldi ya kibati kidogo kilichoshikilia kifaa cha kusikilizia sauti, kwenye mojawapo ya mihimili ya mlalo. Mhimili ukakatika, nguzo moja ikaondoka.
Ndiyo maana Norway haikubali rigi yoyote bila hati yake ya ulinganifu, na kuipata ni kazi ya miezi na fedha nyingi. Rigi nzuri iliyofungwa kusini haihami kwenda kule kwa kushusha bei. Hili nalo liongezeni kwenye majibu ya #1.

#21 Mjukuu_wa_Rigi
Hata ile rigi ya BP iliyolipuka Marekani ilikuwa chakavu ikashindwa kuzuia. Rigi za zamani zifutwe tu.

#22 FundiHaidroli
Makosa mawili kwenye sentensi moja. Deepwater Horizon haikuwa ya BP, ilikuwa ya Transocean, BP akiikodi. Saruji ilikuwa ya Halliburton, BOP ilitengenezwa na Cameron. Ndivyo kazi hii ilivyo: kwenye rigi moja kuna kampuni nyingi, na mwenye rigi anauza siku, hauzi mafuta. Pili, ilitoka kiwandani Korea Kusini 2001, na Septemba 2009 ilikuwa imemaliza kisima cha Tiber chenye kina cha mita 10,683 hivi. Haikuwa takataka. Ilipolipuka 20 Aprili 2010 ilikuwa na watu 126, wakafa 11, ikazama tarehe 22.

#23 Mjukuu_wa_Rigi
Sawa mkuu, ila BOP ilishindwa kwa sababu betri zilikufa. Hilo linajulikana.

#24 FundiHaidroli
Linajulikana nusu. BOP ina makabati mawili ya udhibiti, la njano na la bluu. Mawasiliano, umeme na presha kutoka juu vikikatika vyote, kila kabati linatakiwa lifyatue kisu cha kukata bomba lenyewe, kwa betri zake. Kabati moja lilikuwa na betri iliyopungua nguvu, jingine lilikuwa na waya zilizounganishwa vibaya kwenye koili ya vali. Lakini kilichokwamisha ni kwamba bomba lilikuwa limepinda ndani ya BOP, likaegemea ukingoni mwa visu. Visu vikafunga, bomba halikukatika lote, na mafuta yakaendelea hadi 15 Julai.

#25 Sukani
Na lini visu vilifunga ndiyo ugomvi wenyewe. Ripoti ya DNV (taasisi ya Norway ya uainishaji meli) ya 2011 iliona uwezekano mkubwa ni asubuhi ya 22 Aprili, roboti ya chini ya maji ilipokata pini ya kujifyatua. Ripoti ya CSB (bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za kemikali) ya 2014 ikasema ni usiku ule ule wa mlipuko, kabati moja lilijifyatua, na bomba lilikuwa limeshajikunja kwa msukumo wa presha iliyojengeka ndani yake. Kama DNV ni sahihi, kifaa cha kujifyatua hakikufanya kazi siku ilipohitajika. Kama CSB ni sahihi, kilifanya kazi na bado hakikutosha. Ni dunia mbili kwa anayeandika ratiba ya matengenezo.

#26 FundiHaidroli
Mimi niko na CSB.

#27 Sukani
Najua. Wa haidroli wote mko huko, mnapenda kusikia vali zilifanya kazi.

#28 BintiTope
Kabla hamjaanza upya: mmesahau tope. Watu wakiona jina wanadhani ni uchafu wa chini ya bahari. Tope la kuchimbia ni mchanganyiko uliopimwa, wa maji au mafuta, udongo maalumu na unga wa barite wa kuongeza uzito. Ndilo kizuizi cha kwanza, BOP ni ya pili.
Na ndilo linalofanya kitufe cha Sukani kiwe cha hatari. Maji mita 2,400, tope la kilo 1.50 kwa lita, maji ya bahari 1.03. Raiza ikiwa imejaa tope, ukaiachia ghafla, juu ya kisima unabaki na maji ya bahari badala ya tope. Umepoteza presha: 0.47 mara 0.0981 mara 2,400, kama bar 110, karibu psi 1,600. Kisima kilichokuwa kimetulia sasa kinashikiliwa na vile visu peke yake.

#29 DiraMbovu
Mmenipeleka mbali lakini nafurahi. Turudi: mteja akiwa na meli mbili mezani, moja ya 2008 kwa 300,000 na moja ya 2014 kwa 450,000, anachukua ipi? (Namba za mfano.)

#30 ChelezoNambaMbili
Mara nyingi ya 450,000, na hili ndilo jibu ninaloliamini kuliko yote ya juu. Angalia BOP tu. Maji mita 2,400, kabati moja la udhibiti limekufa. Kwa kawaida huendelei kuchimba na moja. Unaweka plagi za saruji kisimani, unazipima, unabadilisha tope la raiza kuwa maji ya bahari, unaachia, unavuta. Kama vipande 80 vya raiza, kila kimoja kinafunguliwa boliti, kamba za umeme zinabanduliwa, kinalazwa. Vipande vitatu kwa saa ukiwa na timu nzuri. Zaidi ya siku moja kupanda, matengenezo, majaribio sitahani, zaidi ya siku moja kushuka, majaribio tena chini. Wiki moja imekwenda bila mita hata moja kuchimbwa.
Mkataba unampa mwenye rigi saa chache za kuharibika kwa mwezi, zikiisha bei ni sifuri. Lakini boti na helikopta za mteja zinaendelea kumla. Meli mpya ina BOP mbili: moja inafanya kazi, nyingine inakarabatiwa sitahani. Ina mnara wa pande mbili, upande mmoja unachimba, mwingine unaunganisha mabomba ya kazi inayofuata. Akiokoa siku 10 kwenye kisima cha siku 60, ile 150,000 ya ziada imerudi.
Na kazi nyingine za zamani haziwezi kabisa. Deepwater Atlas na Deepwater Titan za Transocean zilitoka Singapore 2022, ndoano ya kubeba uzito wa pauni milioni 3, na zimeandaliwa kwa BOP ya psi 20,000. Kisima cha presha hiyo hukifanyi kwa BOP ya 15,000 hata ukipewa rigi bure.

#31 MezaYaBenki
Kwa mantiki hiyo zile za zamani zisingefungwa, zingeuzwa chuma chakavu. Na nyingi ziliuzwa: tangu 2014 rigi za kuelea zaidi ya 100 zimefutwa, nyingi zikaishia Aliağa, Uturuki. Zilizobaki zimefungwa ni zile ambazo mtu bado ana matumaini nazo, au ambazo kuzifuta kungelazimisha hasara kuandikwa kwenye vitabu mwaka mbaya.

#32 Mguu_wa_Tatu
Msisahau zile ambazo mwenye rigi hakuamua chochote. 2024 Saudi Aramco ilisimamisha jakapu zaidi ya 20 kwa wakati mmoja. Wenye rigi walikuwa na mikataba mkononi na rigi zimesimama. Hapo unashusha bei kwa nani?

#33 Nanga_Nane
ChelezoNambaMbili, nirudi #30 kidogo. Raiza 80 kwenye mita 2,400? Kipande cha futi 90 ni mita 27.4. Ni 88 hivyo. Na kama ni vipande vya futi 75 ni 105. Kwa kasi yako ya vitatu kwa saa, hizo 88 ni saa 29, na 105 ni 35.

#34 ChelezoNambaMbili
Nilisema kama 80, mkuu. Halafu usigawanye kina kizima. Toa kimo cha BOP na sehemu yake ya juu, mita 15 hivi, toa kipande cha kuteleza kule juu, ongeza kimo kutoka maji hadi sakafu ya kuchimbia, malizia na vipande vifupi vya kusawazisha.

#35 Nanga_Nane
Hata ukitoa hivyo vyote hufiki 80.

#36 ChelezoNambaMbili
86. Na vifupi viwili.